Chombo Kilichochelewa Kufa

Treni ya tatu ilipokaribia Leiden, Irmtraud Hofferbert alikuwa amekwisha kusimama mlangoni kwa robo saa, begi begani, kama mtu anayeogopa kupitishwa kituo. Hakuwahi kufika huku. Nchi ilikuwa bapa mno kwake. Mtu aliyezaliwa kwenye vilima vya Odenwald hujiona uchi mahali ambapo mbingu zinaanzia visiginoni, na ambapo nyumba za vioo za kupandia nyanya zinapita dirishani moja baada ya nyingine, zimewashwa taa mchana kweupe.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiongoza chombo kilicho umbali wa kilomita milioni mia mbili, wala hakukipoteza hata siku moja. Lakini alipotoka stesheni alilizunguka jengo mara mbili kabla ya kukiona kituo cha basi kilichokuwa mbele ya macho yake.

"Unakwenda wapi, mama?" dereva alimwuliza.

"Kwenye mkutano wa vyombo vya anga, kule kwenye matuta ya mchanga."

"Panda. Wiki hii nabeba watu wa anga tu. Wote wana sura za matanga."

"Wanaokuja kuomba, au wanaokuja kugawa?"

Dereva alicheka kwa pua. "Wanaogawa hawapandi basi."

Irmtraud, ambaye watu wote wa kituo cha kuongozea vyombo kule Darmstadt humwita Traudel, alikuwa amekuja kuomba. Chombo chake kiliitwa Merula, jina la yule ndege mweusi anayeimba juu ya paa kabla hakujakucha. Merula alijengwa aishi miaka minne. Kazi yake ilikuwa kulitazama Jua kutoka ubavuni, kwenye ule upande ambao utatugeukia sisi baada ya siku nne, na kusema mapema kama kuna dhoruba inayochemka huko. Miaka minne ikapita, kumi ikapita, kumi na tisa ikapita, naye bado anatazama. Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili watu wake walipaswa kwenda mbele ya kamati na kueleza kwa nini aachwe aishi. Hilo ndilo lililomkera Traudel kuliko yote. Chombo kikifa mapema, watu hupiga makofi na kusema kilifanya kazi fupi na njema. Kikikataa kufa, kinaitwa gharama.

Mwaka huu mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu ya Alkyone. Alkyone kilikuwa chombo kipya, kikubwa, chenye madaraja sita ya wakurugenzi, na kilikuwa kimechelewa miaka minne. Bado kilikuwa bandani, kimefunikwa nailoni nyeupe, na kila mwezi kilidai nyongeza. Chakula cha Merula cha mwaka mzima kisingetosha kujenga hata milango ya banda lile. Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda; na wakubwa walikuwa wakikipapasa kidonda chao kwa mapenzi makubwa na kutafuta nani wa kumnyang'anya sahani ili kile kilichoko bandani kishibe.

Basi lilipokuwa likipita kati ya mifereji, Traudel alimkumbuka baba yake. Hakutaka kumkumbuka. Valtin Hofferbert alikuwa mtu wa ishara za reli kwenye kituo kidogo cha mlimani, kituo cha benchi moja na mti mmoja wa peasi. Wakubwa wa reli walipotaka fedha za njia mpya ya treni za kasi kule bondeni, njia ya mlimani ikafungwa. Siku ya mwisho walikuja na mwandishi wa gazeti na kreti la bia, wakamwomba Valtin avute nyenzo ya ishara kwa mara ya mwisho, atabasamu, apigwe picha. Akavuta. Akatabasamu. Ile picha ilikaa miaka thelathini kwenye kabati la jikoni ikiwa imegeuzwa uso ukutani, na kila mtu aliyethubutu kuigeuza alifukuzwa mezani. "Wangeifunga wenyewe," mzee alikuwa akisema. "Mimi walinitaka nitabasamu ili ionekane nimekubali."

Traudel alikuwa amejiapia jambo moja tu. Wakitaka kumwua Merula, watamwua. Lakini si kwa mkono wake.

*

Asubuhi yake kamati ilimpa dakika nane. Mwenyekiti alikuwa Lieuwe Terpstra, mtu mrefu mwenye adabu iliyopigwa pasi. Upande wa pili wa meza alikaa Daktari Ansgar Wendelmuth. Huyo alikuwa mkuu wa Merula kwa miaka kumi na minne. Tangu mwaka jana alikuwa amepewa kusimamia mazoezi ya kuongoza Alkyone, na Merula akaachiwa kwake kwa jina tu. Traudel alimpungia mkono. Ansgar aliinamisha macho kwenye karatasi zake.

Traudel alisema alichokuja kusema. Hakuwa msemaji. Alionyesha picha tatu za dhoruba tatu ambazo Merula aliziona siku nne kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha akakaa.

Mwakilishi wa Norwei, Bi Solveig Aakre, aliinua kalamu. "Akizimwa, nani atautazama upande huo?"

"Hakuna, bibi. Alkyone akipaa salama, na akifika salama, miaka saba kutoka leo. Kati ya leo na hapo tutakuwa tumefumba jicho moja."

"Sisi tuna nyaya za umeme zinazolala chini ya anga hilo, na dhoruba hizo huzizima," Bi Aakre alisema. "Jicho hilo tunalihitaji."

"Hoja nzuri," alisema Mwenyekiti. "Lakini tusisahau kwamba Merula ni mgonjwa. Ripoti ya jana jioni inasema ameingia katika hali ya kujilinda. Amezima vyombo vyake vyote na anapiga mlio wa dharura. Bi Hofferbert, kwa heshima zote, tunaombwa kulipia mgonjwa mahututi."

Traudel hakuelewa. "Mgonjwa tangu lini?"

"Tangu juzi. Nilidhani unajua."

"Ripoti zinakwenda kwa wakubwa. Mimi jana nilikuwa kwenye treni." Alimgeukia Ansgar. Ansgar alikuwa akimimina maji kwenye glasi iliyokwisha kujaa.

Ndani ya Merula kuna saa. Saa hiyo hurudi nyuma kuanzia siku kumi na mbili, na kila Merula asikiapo amri yoyote kutoka duniani huanza upya. Ikifika sifuri naye hajasikia neno, Merula huamini kwamba masikio yake yameharibika. Basi huzima kila kitu, hujigeuza kulielekea Jua asife kwa baridi, na huanza kuita. Ndiyo maana kila Jumanne, kwa miaka kumi na tisa, Traudel alimtumia amri isiyoagiza lolote. Kwenye chumba cha kuongozea waliiita salamu. Haikuwa na kazi nyingine ila kumwambia kwamba bado kuna watu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "huyo si mgonjwa. Huyo hajasemeshwa."

Lakini dakika nane zilikuwa zimekwisha, na karani alikwisha kuandika kwamba hali ya chombo inatia shaka.

*

Alimngoja Ansgar kwenye ujia, karibu na mashine ya kahawa.

"Jumanne iliyopita uliniambia dishi la mawasiliano liko kwenye matengenezo," alisema. "Ukasema nisisumbuke, niandae hotuba yangu, Ijumaa utamsalimia wewe."

"Nilimsalimia."

"Ansgar."

"Nilimsalimia, Traudel, naapa. Nilikuwa katikati ya mazoezi, nikasimamisha kila kitu, nikatuma salamu kwa mkono wangu mwenyewe. Saa nne na dakika nne. Imo kwenye kumbukumbu. Na alijibu."

"Alijibu baada ya muda gani?"

"Alijibu tu. Amri imepokewa. Nikarudi kazini."

"Nakuuliza, ulingoja dakika ngapi?"

Ansgar alipandwa na damu shingoni taratibu. Neno huchukua dakika kumi na moja kumfikia Merula, na dakika kumi na moja kurudi. Hakuna mtu aliyewahi kukaa kwenye meza ya Merula asiyejua kungoja dakika ishirini na mbili. Watu walijifunza kusuka hapo, walisoma magazeti hapo, Ansgar mwenyewe aliwahi kumchumbia mkewe kwa simu hapo.

"Saa nne na dakika nne," alisema Traudel. "Ikajibu saa nne na dakika nne. Ulikuwa kwenye meza ya mazoezi. Umemsalimia Alkyone. Umeisalimia mashine iliyo chumba cha pili, inayojifanya chombo ambacho chenyewe kiko bandani."

"Mungu wangu."

"Miaka kumi na minne, Ansgar. Ingekuwa mgeni ningesema hajui. Wewe umejibiwa papo hapo, hukushtuka."

"Nilichoka. Tuna watu nusu ya tunaowahitaji—"

"Na lile dishi? Lilikuwa na matengenezo gani?"

Ansgar alisema kwa sauti ya chini, "Saa zake tulipewa sisi. Kwa mazoezi."

Traudel alicheka, na lilikuwa cheko baya. "Kwa hiyo aliye angani anaita, hasikilizwi, kwa sababu dishi linafanya mazoezi ya kumsikiliza asiyekuwapo. Halafu mnaingia mle ndani mnasema jamani, mgonjwa huyu. Mmemnyima maji, sasa mnapima mkojo."

"Nitawaeleza kosa ni langu."

"Waeleze sasa hivi. Mlango ule pale."

Ansgar aliutazama mlango. Alikuwa mtu mwema. Ndivyo watu wote walivyosema, na Traudel alikuwa miongoni mwao. Hakwenda.

"Nikisimama leo kusema hivyo, wanaotaka kuizika Alkyone watanipata mimi na kosa langu," alisema. "Nchi mbili zinangoja kisingizio tu wajitoe. Na sikiliza, maana hili hutaki kulisikia. Kama kila sarafu itakwenda kuwalisha wazee, baada ya miaka kumi hakutakuwa na chombo cha kulisha. Merula naye alilipiwa na nani? Unamkumbuka Gallus?"

"Usimlete Gallus."

"Gallus alikuwa mzima. Alikuwa na miaka mitatu zaidi ndani yake. Walimzima ili Merula apae. Uliila keki yake siku walipomzima, Traudel. Nilikuona. Vipande viwili."

Hilo lilimpata. Ni kweli alikula. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, kazi mpya, chombo kipya kinangoja kupaa, na yule mwanamke aliyemwongoza Gallus alikuwa amesimama pembeni ameshika sahani yake bila kula, naye Traudel alijiuliza kwa nini mtu awe na kisirani siku nzuri kama ile. Hata jina la mwanamke yule lilikuwa limemtoka.

"Niliila," alisema mwishowe. "Ndiyo maana najua ilivyo tamu."

Akachukua begi lake. Mlangoni aligeuka. "Nataka saa nne za dishi kesho. Ziibe kwenye mazoezi yako. Usiponipa, narudi mle kwa kamati, dakika nane nyingine nawapigia kelele."

Alimpa. Kesho yake mchana, kule Darmstadt, Traudel alimwamsha Merula hatua kwa hatua, amri moja, dakika ishirini na mbili, amri nyingine, dakika ishirini na mbili. Ilipofika jioni kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Aliandika ripoti ya mstari mmoja: *Chombo ni kizima, kilichougua ni utaratibu wetu.* Mstari huo haukufika kwenye kamati. Au ulifika na ukawekwa mahali ambapo mistari kama hiyo huwekwa.

*

Barua ilikuja Julai. Kwa kuzingatia hali ya chombo iliyoripotiwa, na kwa kuzingatia vipaumbele, Merula angezimwa Jumanne ya mwisho ya Septemba, saa nne asubuhi. Amri ingetumwa na Daktari Wendelmuth na kuthibitishwa na Bi Hofferbert.

Huku kwetu amri ya hatari haitumwi na mtu mmoja. Ni sheria ya macho manne: mmoja anaisoma kwa sauti, wa pili anaitazama kwenye skrini yake na kusema nathibitisha, hapo ndipo inaondoka. Na wote wawili lazima wawe na cheti cha chombo kile. Kwa kuwa Merula alikuwa mzee na hakuna aliyetaka kujifunza lugha ya kompyuta zake, waliobaki na cheti walikuwa wawili tu.

Kuna pia desturi nyingine. Anayeondoka ndiye anayewalisha wanaobaki. Mtu akistaafu, akihamia kazi nyingine, yeye ndiye anayekuja na keki na chupa, si wenzake. Chombo hakiwezi kuoka, kwa hiyo huoka watu wake. Septemba ni mwezi wa maboga matamu na wa plamu za zambarau, na Traudel alijulikana jengo zima kwa keki yake ya plamu. Kila mwaka siku ya kupaa kwa Merula aliibeba kwenye tramu, trei mbili, moja juu ya nyingine. Mwaka huu sekretari alimwuliza mara tatu.

"Bi Hofferbert, nihesabu keki ya plamu, au niagize?"

"Agiza."

"Watakuja wageni arobaini. Watasikitika."

"Ndiyo, matangani watu husikitika."

Siku ikafika. Chumba cha kuongozea kilijaa. Ukutani palikuwa na picha za Merula akiwa bado mpya, dhahabu yake ikimeta. Mezani palikuwa na keki ya duka yenye umbo la chombo, na mbawa mbili za chokoleti, na kisu kimelazwa kando yake. Mwandishi mmoja alikuwa akitengeneza kamera yake. Bwana Terpstra alikuwa amekuja kutoka kwenye nchi yake bapa, akasema maneno mazuri sana. Alisema uaminifu. Alisema urithi. Alisema Merula amepisha njia, kana kwamba mtu anayesukumwa kwenye mtaro huwa amepisha.

Traudel aliketi mbele ya skrini yake akiwa amevaa sweta la kila siku. Ansgar aliketi kushoto. Alikuwa amekonda.

"Bi Hofferbert," mwandishi aliita, "ukibonyeza, tafadhali utazame huku kidogo. Tabasamu dogo tu."

Ansgar hakujua habari za Valtin Hofferbert na nyenzo yake. Lakini aliuona mkono wa Traudel ukitoka kwenye meza na kushuka magotini, akajua kuna kitu.

"Tuanze," alisema Bwana Terpstra.

Ansgar alisoma. Amri ya kuzima kipaza mawimbi cha kwanza. Amri ya kuzima cha pili. Amri ya kufuta saa, ili chombo kisije kikaamka na kuita tena. Hiyo ya tatu aliisoma polepole. "Mthibitishaji?"

Traudel alizisoma kwenye skrini yake, moja moja, kwa utaratibu, kama alivyofanya siku zote. Hazikuwa na kosa.

"Sithibitishi," alisema.

Kuna mtu alicheka nyuma, akidhani ni mzaha.

"Kuna kosa kwenye amri?" Bwana Terpstra aliuliza.

"Amri haina kosa. Sababu yake ina kosa, na liko kwenye kumbukumbu, saa nne na dakika nne, salamu na jibu dakika ileile. Daktari Wendelmuth atawaeleza. Ana miezi mitatu anangoja kuwaeleza."

"Bi Hofferbert, hii si kamati. Uamuzi umekwisha kupita. Ninakuagiza."

"Huwezi, bwana. Sheria yenu wenyewe. Macho ya pili yakilazimishwa si macho tena, ni miwani tu ya macho ya kwanza." Alivua kitambulisho chake shingoni na kukiweka juu ya kibodi. "Nina siku themanini na tatu za likizo nilizolimbikiza. Fomu aliitia saini Daktari mwenyewe wiki iliyopita. Inaanza saa nne asubuhi ya leo. Sasa ni saa nne na dakika sita."

"Traudel," Ansgar alisema kwa sauti ambayo wageni hawakuisikia. "Watamfundisha mtu mwingine. Miezi mitatu, minne. Watamzima tu. Utakuwa umebadilisha nini?"

"Mkono," alisema Traudel. "Watafute mkono mwingine. Na miezi mitatu ya kuona mnayotaka kufumbia macho."

Alichukua koti lake kwenye ndoano. Mwandishi aliinua kamera, akamtazama usoni, akaishusha. Alipopita karibu na keki hakuitupia jicho. Kwenye mlango alisimama, akazungumza na Ansgar peke yake, kama vile chumba hakina mtu mwingine.

"Leo ni Jumanne," alisema. "Hajasalimiwa."

Mlango ulijifunga kwa taratibu zake, wa chuma, mzito. Dirishani walimwona akivuka barabara bila kuangalia nyuma na kupanda tramu ya kwenda mjini, mwanamke mfupi mwenye begi lililo tupu.

Chumbani watu walianza kusema wote kwa pamoja. Bwana Terpstra alitaka simu. Sekretari aliuliza kama akate keki au airudishe kwenye friji. Ansgar alikaa alipokuwa. Aliitazama skrini ya Traudel, zile amri tatu zikiwa bado zinangoja neno, akazifuta moja baada ya nyingine. Kisha akahakikisha meza aliyokaa ni ya nani, akahakikisha mara ya pili, na kwa vidole viwili akaandika amri isiyoagiza lolote. Hiyo haihitaji macho manne. Akaituma.

"Ansgar," alisema Bwana Terpstra, mkono juu ya simu, "tunangoja nini?"

"Dakika ishirini na mbili," Ansgar alijibu, akavuta kiti karibu.